Banda la Ngoma la Hamisa

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, jua lilikuwa limekausha mihogo ikiwa bado ardhini. Sisi wa Kwaluguru tulikuwa tumevunja nyumba zetu za zamani na kusogea kwenye viwanja vilivyopimwa kando ya barabara. Nyumba mpya zilikuwa miti mitupu. Mtu akikukaribisha kwake, alikukaribisha katikati ya fito. Tulilala popote penye paa, na paa kubwa kuliko yote lilikuwa la banda la ngoma.

Banda lile lilijengwa na dada yangu Hamisa na wanawake wenzake, mwaka uliofuata Uhuru. Nilikuwepo, nilibeba udongo. Hamisa alisema tumecheza ngoma za Uhuru juani mpaka nyayo zikapasuka, sasa tuchezee kivulini kama watu wenye nchi yao. Kuta zilikuwa za udongo, sakafu ilikuwa ya udongo uliopigwa kwa miguu, na juu kulikuwa na bati lililokuja kidogo kidogo, kila mavuno. Watu walitoka mpaka Handeni mjini kuja kuangalia selo, ngoma yetu sisi Wazigua, na baada ya selo waliangalia michezo ya kuigiza. Michezo hiyo Hamisa aliitunga kichwani, maana kuandika hakujua. Mume bahili, karani wa wakoloni, mama mkwe anayejifanya kiziwi. Watu walicheka hadi wakaegemea ukuta, na ikabidi ukuta ule ukandikwe upya kila mwaka.

Katibu Kata wetu alikuwa kijana wa Kisambaa, jina lake Hiza, aliyekulia Kilole pale Korogwe. Alipopata amri kuhusu banda hakutuma mtu, alikuja mwenyewe kwa miguu, akasalimia wazee mmoja mmoja, ndipo akasema.

"Serikali inaleta mahindi ya njano. Yanahitaji mahali pakavu penye kuta. Kujenga ghala nimeomba watu, sikupata hata mmoja, na sioni kosa lenu, kila mtu anajenga kwake. Kwa hiyo ni banda hili."

"Kwa muda?" akauliza mzee Mwinjuma, mpiga ngoma wetu.

Hiza alitazama kofia yake. "Mzee, sitakudanganya. Tutaziba madirisha na kuweka kichanja cha magunia. Ghala likishakuwa ghala halirudi kuwa banda."

Hakuna aliyemtukana. Watoto wetu walikuwa wanalala na njaa, nani angeyakataa mahindi? Hamisa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba pembeni ya banda, miguu imevimba na kifua kinambana. Alisikia yote. Hiza alipoondoka aliniita, akasema nimpelekee ujumbe dereva wa basi la Dar es Salaam. Banda linachukuliwa, Mwaija aje. Asiambiwe kwamba mama anaumwa.

Mwaija ni mwanawe wa pekee. Alijifunza kucheza ndani ya banda lile, na baadaye akachukuliwa kwenye kikundi kimoja cha ngoma Dar es Salaam, kile ambacho wageni wa serikali wakifika uwanja wa ndege hupokewa nacho. Dereva alimfikishia ujumbe wa banda, na ule wa ugonjwa akamwambia pia. Sijui jina la dereva yule. Mungu ambariki alipo.

Mwaija alifika na lori la mkonge kutoka Korogwe. Alikuwa amelala Masuguru, huko huko Korogwe, kwa Elina, rafiki wa mama yake. Elina ni Msambaa, na sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Mtani anakutukana barabarani na hukasiriki. Anachukua kuku wako bila kuomba. Lakini ukifiwa, kazi ya msiba ni yake. Yeye ndiye anayechimba na kuchota maji, na ndiye anayewachekesha waliokaa chini. Elina alikuwa amempa Mwaija mkungu wa ndizi amletee mama yake, na salamu kwamba Wazigua hawajui hata kuugua, wanaugua kwa fujo.

"Shikamoo mama," Mwaija akasema, akapiga goti kando ya kitanda.

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko mnacheza au mnakimbizwa?"

"Tunacheza, mama."

"Nilisikiliza redioni. Selo mmeikata. Mmeianza na kuimaliza kabla jasho halijatoka."

"Wageni hawana muda."

"Basi wasije," akasema Hamisa, na akacheka mpaka akakohoa. Nikampa maji.

Kesho yake Mwaija alikwenda ofisini kwa Hiza. Akamwambia wanakamati wa kata waje Jumamosi watazame ngoma, waone wenyewe banda ni kitu gani kabla ya kuliziba. Nilikuwa naye. Alisema vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyezoea kusema mbele ya wakubwa. Hiza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja nao, dada. Lakini na lori la mahindi litakuja Jumamosi hiyo hiyo. Nisije nikakuficha."

Tukarudi, tukaanza mazoezi. Mwaija aliwapanga wanawake mistari miwili kama walivyofanya Dar, na Hamisa akiwa kitandani akapiga fito ya kitanda kwa mwiko.

"We Mwaija! Mistari ni ya wanajeshi! Waache wazunguke!"

"Mama, kamati itachoka."

"Ikichoka italala. Banda lina nafasi."

Wanawake walicheka, Mwaija naye akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka mwaka ule.

Hamisa alifariki alfajiri ya Alhamisi. Hakusumbua mtu. Mwaija alikuwa ameshika mguu wake uliovimba, anausugua mafuta, na aliendelea kuusugua kwa muda baada ya mimi kumwambia. Sikumzuia. Mguu ulikuwa bado una joto.

Tulimzika siku ile ile kabla ya Alasiri, kama dini inavyotaka. Kwa kuwa nyumba yake mpya ilikuwa miti mitupu, tanga tuliliweka bandani. Tukatandika majamvi, tukakaa chini. Mwinjuma alizishusha ngoma kutoka kwenye mti zilipotundikwa, akazigeuza midomo chini, akazifunika kwa gunia. Kwetu, tanga likiwa limekaa, ngoma hailii. Siku arobaini. Kila mtu aliyeingia alizitazama zile ngoma, kisha akamtazama Mwaija, kisha akatazama pengine. Kamati itakuja Jumamosi, itakuta watu wamekaa kimya, na lori litashusha magunia. Hakuna aliyelisema hilo.

Mimi nilipika uji, sikujua kama nimetia chumvi. Watu wakaunywa wakasema mtamu. Mwaija alikaa kwenye jamvi, mikono juu ya magoti, uso wake kama sahani iliyooshwa. Hakulia kaburini, hakulia bandani. Mtu akimpa chakula alikula. Akimwambia lala, alilala. Mwanamke mmoja jirani alianza kunong'ona kwamba watu wa mjini hawana machozi, na mwenzake akamfinya pajani kwa nguvu, nikaona. Nilimshukuru moyoni kwa kule kufinya.

Ijumaa niliuliza kama Elina amepelekewa habari. Kumbe Mwinjuma, mzee na magoti yake mabovu, alishatembea mpaka njia panda tangu alfajiri ya Alhamisi, akamsimamisha mtu wa lori, akamwambia pitia Masuguru na Kilole, useme Hamisa ametuacha.

Watani walifika Jumamosi asubuhi. Lori zima. Tuliwasikia kabla hatujawaona, wanaimba wimbo wa matusi.

Elina aliteremka wa kwanza, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Aliingia bandani, akasimama mlangoni, akaweka mikono kiunoni.

"Mmezika?"

"Tumezika," nikasema.

"Bila mimi? Nani kawaruhusu? Mfukueni! Nataka kuhakikisha ni yeye, nyinyi Wazigua mnaweza kuzika mbuzi."

Mtu mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Shehe Sadala, mwalimu wa madrasa, alikuwa ameketi karibu na mlango na msahafu wake. Utani wa msibani haukuwa jambo lake, lakini aliinuka taratibu, akasema anaondoka kidogo, ana mbuzi wa kumwangalia. Sadala hakuwa na mbuzi. Aliondoka ili tusimwonee haya.

Elina alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la marehemu, akalifungua bila kuomba, akatoa kanga za Hamisa. Moja akajifunga kifuani, nyingine kichwani vile vile alivyofunga Hamisa, ncha ikining'inia juu ya sikio. Akachukua mwiko. Akatembea.

Sijui aliwezaje. Yeye mnene, Hamisa mwembamba. Lakini mguu wa kushoto ukaburura kidogo, na kidevu kikatangulia mbele, na ilikuwa Hamisa anaingia bandani kukagua mazoezi. Mwanamke mmoja akapiga kelele. Wengine wakaanza kucheka, na wakicheka machozi yakawatoka.

"Nani kageuza ngoma zangu?" akasema Elina kwa sauti ya dada yangu. "Mwinjuma! Umechoka kupiga, eti?" Akachovya mwiko kwenye chungu changu cha uji, akaonja. "Na wewe Fatu, uji gani huu, hauna chumvi! Nimekufa siku mbili tu na chumvi imekwisha Kwaluguru?"

Watu wakacheka zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojua sikutia chumvi.

Kisha akasimama mbele ya Mwaija. Sijui nani alikuwa amemnong'oneza habari za mazoezi. "Na huyu miguu ya kuazima. Nani alikufundisha kusimama mistari? Umeingia jeshini?"

Watu wote walingoja. Mwaija aliinua uso, akamtazama kama unavyotazama mvua iliyo mbali, ya shamba la mwingine.

"Shikamoo mama Elina," akasema. "Pole na safari."

Elina alisita kidogo tu. Nilimwona. Kisha akampangusa Mwaija bega, kana kwamba pana vumbi, akaendelea na mchezo wake kwa wengine.

Wakati huo lori la pili likasimama nje, limejaa magunia. Hiza akaingia na wanakamati wawili nyuma yake. Alivua kofia.

"Poleni wafiwa. Poleni sana." Akamsogelea Mwinjuma, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, lori limefika. Ningekuwa na uwezo ningelichelewesha."

"Nani huyo anayeingia bandani kwangu na viatu?" akasema Elina.

Hiza akageuka. Elina ni dada mkubwa wa mama yake. "Mama mkubwa, niko kazini."

"Mama mkubwa wako yuko Masuguru anauza ndizi. Mimi ni Hamisa. Vua viatu."

"Mama, kamati..."

"Wewe ni Msambaa au si Msambaa?"

"Msambaa."

"Nimekufa. Mtani wangu amekuja na magunia badala ya jembe. Hiyo mmefundishwa wapi?"

Banda zima liliangua kicheko. Hata mwanakamati mmoja alicheka, yule mwingine akamkazia macho, kisha naye akacheka. Hiza akavua viatu. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, na wanawake walilishangilia tundu lile. Elina akamwekea ungo kichwani, akamwamuru aigize karani wa wakoloni, mchezo ambao aliuona hapo hapo bandani alipokuwa mdogo, alipoletwa na huyo huyo mama mkubwa. Akasema haukumbuki. Kumbe anaukumbuka wote. Alitembea amebinua tumbo, akawauliza wazee majina yao na kuyakosea moja baada ya jingine, na Mwinjuma, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu mazishi, akamjibu kwa maneno yale yale ya zamani. Walicheza kipande chote. Nje dereva wa lori na matingo wake walikuja kuchungulia dirishani.

Kicheko kilipopungua, Mwaija alisema, "Watani wangu."

Hakupaza sauti, lakini tulinyamaza. Ilikuwa kama kitu cha nyumbani kimesema, mtungi au jamvi.

"Mmelalamika kwamba tumezika bila nyinyi. Ni kweli. Kaburi hamkuchimba. Kazi yenu ya msiba bado hamjaifanya."

"Hatujaifanya," akasema Elina, na sasa alikuwa Elina.

"Mimi ndiye mfiwa. Nikiwapa kazi mtaikataa?"

"Mtani akatae kazi ya msiba? Ili nikifa mimi nilale juani? Sema."

"Nataka ghala."

Nikamwona Hiza anaondoa ungo kichwani polepole.

"Pale nyuma, karibu na kisima," Mwaija akaendelea, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. "Lenye kichanja na kuta. Katibu alisema hakupata mikono. Nilidhani tukiionyesha kamati ngoma itatuonea huruma. Lakini Katibu huruma anayo, kilichokosekana ni mikono. Ninyi mmejaa lori."

"Na wewe mwenyewe?" Elina akamgeukia Hiza. "Mtani au si mtani?"

Hiza alitazama wanakamati wake. "Mahindi hayawezi kulala nje hata siku moja," akasema. "Hilo siwezi kulibadilisha."

"Yalale madrasani." Alikuwa Sadala, amesimama nje ya mlango. Sijui alikuwa pale tangu lini. "Chumba kina kuta na mlango. Watoto watasoma barazani kwangu. Wanapapenda, pana upepo."

Mwanakamati yule mkali akasema madrasa si mali ya serikali. Mwenzake akamuuliza, na njaa ni mali ya nani? Basi wakashusha magunia madrasani. Hiza alikuwa akilipiga pasi shati lake vizuri kila siku, lakini siku ile alilivua, akalikunja, akanipa nilishike. Alikuwa wa kwanza kwenda kukata miti.

Walijenga huku wakitutukana. Walisema Wazigua tumezoea kulala chini kama kanga wa porini, ndiyo maana hatujui kusimamisha nguzo. Walikula kuku wetu wote waliobaki na ndizi zao wenyewe. Walipochoka walirudi Korogwe, wakaja wengine wa Kilole, vijana wenye shoka nzuri. Wanawake wetu, ambao hawakuwa na nguvu za kujenga, walipata nguvu za kukandika, maana huwezi kukaa ukiwatazama watani wanakufanyia kazi huku wakisema mikono yako ni ya kulia chakula tu. Wapo waliosimamisha kazi ya nyumba zao wenyewe. Sikuwasikia wakilitaja hilo.

Mwaija alikandika pamoja nasi. Alikandika vizuri. Kikundi chake kilimletea habari kwa yule yule dereva kwamba akae mpaka tanga liondoke, na wakamtumia sukari. Sukari ile aliigawa kwa vikombe kwa waliokuwa wanajenga, hakubakiza. Usiku nililala naye jamvi moja. Mara nyingine nilimgusa mkono kuona kama yuko macho, na kila mara alikuwa macho.

"Unawaza nini, mwanangu?"

"Siwazi, mama mdogo. Ndiyo hivyo tu."

Sikumwambia alie. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelia kidogo tu, na kwa jambo la kijinga, mwiko ulipovunjika.

Ghala lilipokamilika na magunia kuhamishwa, Elina alimwita Mwaija mbele ya watu. "Mtani hafanyi kazi bure. Siku ya kuondoa tanga utatuchezea selo. Ya mama yako, nzima. Siyo ile ya wageni wasio na muda."

"Siwezi, mama Elina."

"Sijauliza kama unaweza."

Siku ya arobaini ilifika. Asubuhi palisomwa dua, Sadala aliisoma kwa sauti nzuri kuliko kawaida yake. Tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, na mchicha. Majamvi yakakunjwa, na Mwinjuma akazifunua ngoma, akaziotesha moto, akazigonga kwa kidole akisikiliza, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. Hiza alikuja na mke wake, wakaketi chini na wengine. Watani walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Madirisha yale yalikuwa wazi.

Mwaija alivaa kanga, akajifunga njuga. Alianza polepole, kama inavyotakiwa, akizunguka, na wanawake wakaingia nyuma yake mmoja mmoja wakizunguka. Hapakuwa na mistari. Mwinjuma alipiga mpaka jasho likamtiririka kwenye ndevu. Nimeziona selo nyingi, na sikuona mguu wake ukikosea mahali popote. Alikwenda mpaka mwisho, pale ambapo watu wengi huwa wameshachoka na kukaa, naye akaenda kupita pale. Watu wazima walikuwa wanalia waziwazi. Hiza alikuwa anafuta miwani ya mke wake badala ya kufuta macho yake.

Uso wa Mwaija ulikuwa ule ule.

Ngoma ilipokoma, Elina alimfuta uso kwa pindo la kanga yake, kwa makini, chini ya macho na pembeni, ingawa lilikuwa jasho tu. Hakumtukana. Akamwacha, akatoka nje kuwapigia kelele wenzake wapande lori.

Nilimkuta Mwaija ameketi chini, anafungua njuga.

"Mama mdogo, sikusikia kitu," akasema. "Nilidhani nikicheza kilio kitakuja."

"Najua."

"Nilikuwa nasikia ngoma, nasikia miguu. Basi."

Niliketi karibu naye. Nikamsaidia kufungua kamba iliyokuwa imekaza.

"Wasichana wameniuliza kama Jumamosi ijayo kuna mazoezi," akasema baadaye.

"Umewajibu nini?"

"Nimesema yapo." Akatazama sakafu. Miguu ya watu wengi ilikuwa imeichimba, ikaacha mashimo na vumbi la kufika kifundoni. "Hapa hapachezeki hivi. Lazima pamwagiwe maji na kupigwa upya."

Alikwenda kuchukua ndoo, nami nikachukua fagio. Tulianzia nyuma, tukaja polepole tukielekea mlangoni, yeye akinyunyiza na mimi nikisawazisha. Nje watani walikuwa wameshapanda, wanatuaga kwa matusi, na lori likakataa kuwaka, ikabidi wateremke tena wote wasukume.